Jeshi la China ni la Nani? Babu wa Mkoani Anajibu Barua Zenu

Toleo lililopita nilimjibu msomaji wa Wete aliyeuliza nchi gani ina askari wengi kuliko zote. Jibu ni China, na nikagusia kwa sentensi moja kwamba jeshi lao ni la chama, si la serikali. Sentensi hiyo imeniletea barua kutoka Micheweni mpaka Makunduchi, na mhariri amenipa kurasa zote hizi nizijibu. Kwa wanaonisoma mara ya kwanza: mimi ni fundi mitambo mstaafu wa wanamaji wa JWTZ. Kazi nilifundishwa na Wachina pale Kigamboni miaka ya 1970, na tangu wakati huo sijawacha kufuatilia habari zao.

SWALI: Shikamoo Babu. Mwalimu wetu wa Uraia alitusomea safu yako darasani, tukabishana mpaka kengele ikalia. Jeshi linalolipwa kwa fedha za serikali litakuwaje la chama? Na katiba yao inasemaje? – Mwanafunzi wa kidato cha tano, Chake Chake

JIBU: Marahaba mjukuu wangu, na mwalimu nisalimie. Anzeni na tarehe. Jamhuri ya Watu wa China ilitangazwa tarehe 1 Oktoba 1949. Jeshi la Ukombozi wa Umma linaadhimisha kuzaliwa kwake tarehe 1 Agosti 1927, siku wakomunisti waliposhika silaha katika mji wa Nanchang. Jeshi limeitangulia dola kwa miaka 22. Aliyelizaa ni Chama cha Kikomunisti, wakati huo kikisakwa na serikali iliyokuwapo, na chama hakijalitoa mkononi mpaka leo. Hata bendera yao, karibu na nyota, ina tarakimu za Kichina za nane na moja: mwezi wa nane, tarehe mosi.

Haijatimia miezi miwili baada ya Nanchang, Mao Zedong alifika kijiji cha Sanwan na kikosi kilichopigwa na kuchoka, watu wakitoroka kila usiku. Akakipanga upya, na katika kila kombania akaweka tawi la chama. Mpango ule bado upo. Kamanda wa kikosi cha China hakai peke yake. Ubavuni mwake yupo kamisaa wa siasa mwenye cheo sawa na chake, na jambo kubwa haliamuliwi mpaka lipite kwenye kamati ya chama ya kikosi. Kamanda anashughulika na mapigano na mazoezi. Kamisaa anashughulika na nidhamu, mafunzo ya siasa, hali za familia za askari, nani anafaa kupanda cheo, na juu ya yote, utiifu. Manowari zao nazo ni hivyo hivyo: nahodha na kamisaa, chombo kimoja.

Juu kabisa kuna Kamisheni Kuu ya Kijeshi. Kwenye karatasi zipo mbili. Moja ni ya chama, na nyengine ni ya dola, ambayo ndiyo inayotajwa katika kifungu cha 93 cha katiba yao ya 1982. Wajumbe ni wale wale. Mwenyekiti ni Xi Jinping, tangu Novemba 2012 kwa upande wa chama na Machi 2013 kwa upande wa dola. Waziri wa Ulinzi anapokea wageni na kusafiri kwenye mikutano, lakini hana kikosi anachokiamrisha. Fedha ni za serikali, umesema kweli, lakini amri inatoka kwengine.

Ukitaka kujua kiti hicho kina uzito gani, mtazame Deng Xiaoping. Miaka yote aliyoiongoza China hakuwa Rais wala Waziri Mkuu. Alichokishika ni kamisheni ya jeshi, mpaka Novemba 1989, na hakuna aliyeuliza nani mwenye neno la mwisho. Baada yake Jiang Zemin aliachia uongozi wa chama 2002 na urais 2003, lakini kamisheni ya chama akabaki nayo mpaka Septemba 2004.

Sisi wa rika langu hatukuona ajabu, maana na sisi tulikuwa na makamisaa. JWTZ ilianzishwa tarehe 1 Septemba 1964, baada ya askari wa Tanganyika Rifles kuasi Januari ya mwaka huo huo, na Mwalimu Nyerere akataka askari mpya aijue siasa ya nchi yake. Matawi ya chama yalikuwapo makambini, na kadi ya chama ilikuwa kitu cha kawaida kwa askari. Vyama vingi vilipoingia 1992 mlango huo ukafungwa. Leo kifungu cha 147 cha Katiba ya Muungano kinamkataza mwanajeshi kujiunga na chama chochote cha siasa, ingawa kura yake anayo.

Kwa maoni yangu huu wa sasa ndio bora, na nasema hivyo nikiwa fundi. Panapokuwa na mtu mmoja anayepima utiifu wako na kupendekeza cheo chako, ripoti ya pampu iliyochoka inaandikwa kwa woga, na bahari haijali ripoti imeandikwaje. Darasani kwenu ulizeni hivi: askari anakula kiapo cha kumtii nani? Kiapo cha askari wa China, kabla ya kufika kwenye umma, kinataja kutii uongozi wa Chama cha Kikomunisti.

SWALI: Wako wangapi na wamegawika vipi? Mwanangu wa darasa la sita anapenda ramani, nataka nimweleze. – Mama Micheweni

JIBU: Walio kazini ni kiasi cha milioni mbili. Sensa ya 2022 ilituhesabu watu wa Unguja na Pemba 1,889,773. Chukua kila mtu wa visiwa hivi, pamoja na mtoto aliyezaliwa jana na mzee asiyeondoka kitandani, bado hatuwafikii askari wao. Na hapo wamepunguzwa: mwaka 1985 Deng alitangaza kuondoa milioni moja, na Septemba 2015 Xi akatangaza kuondoa 300,000.

Sasa mpe mwanao ramani ya China na kalamu za rangi tano. Tarehe 1 Februari 2016 walizivunja kanda saba za zamani wakaunda kamandi tano. Ya Mashariki makao yake ni Nanjing, nayo inaitazama Taiwan. Ya Kusini iko Guangzhou, inashughulika na Bahari ya Kusini ya China. Ya Magharibi iko Chengdu, kazi yake ni Tibet na mpaka mrefu wa India. Ya Kaskazini iko Shenyang, upande wa Korea na Urusi, na ya Kati iko Beijing kwa ajili ya kuulinda mji mkuu.

Halafu mwambie jambo ambalo watu wazima wengi hawalijui. Jeshi la nchi kavu, la wanamaji, la anga na lile la makombora kazi yake ni kuandaa: kuandikisha, kufundisha, kununua silaha. Kupigana ni kazi ya kamandi ya eneo, ambayo inachukua meli, ndege na askari wa miguu ikawaweka chini ya mkuu mmoja. Zamani mkuu wa kanda alikuwa mtu wa nchi kavu, na wakati wa amani meli na ndege hazikuwa zake kuziamrisha. Nilipolisoma badiliko hilo nilijua kwamba China imewacha kufikiria vita vya mipaka ya ardhini tu, inafikiria bahari. Vipo pia vikosi vipya vya anga za juu, vya mitandao na vya mawasiliano, vilivyopangwa upya Aprili 2024, na kimoja cha ugavi chenye makao Wuhan. Mtoto wa darasa la sita hivyo anaweza kuvingoja.

SWALI: Madaktari wa Kichina wa hospitali ya Abdulla Mzee ni wanajeshi? Mtaani wanasema hivyo. – Jirani yako, Mkoani

JIBU: Sio. Timu za madaktari wa China zinakuja Zanzibar tangu 1964, na wanatoka jimbo la Jiangsu, hospitali za kiraia. Wamenipima presha mimi, na hawa waliokaa na mama zetu wakati wa kujifungua si watu wa kusingiziwa. Jeshi lao lina madaktari wake mbali. Wao ndio waliokwenda Liberia 2014 wakati wa Ebola, na wao ndio wenye meli nyeupe ya hospitali iitwayo Peace Ark, iliyotia nanga Dar es Salaam mwaka 2010, 2017 na 2024.

SWALI: Tukienda dago kaskazini tunaona meli za kijivu zikipita mbali, vijana wanasema ni manowari za Wachina. Wana kambi huku kwetu? Na mvuvi wa kwao anaishi vipi na wanajeshi wake? – Nahodha, Kojani

JIBU: Nahodha mwenzangu, meli ya kijivu kwa mbali haina kabila. Hapa wanapita Wahindi, Wafaransa, Wamarekani na wengine. Tanzania hawana kambi. Afrika kambi yao iko Djibouti, waliyoifungua tarehe 1 Agosti 2017, siku ile ile ya kuzaliwa kwa jeshi. Ilianza na maharamia wa Kisomali. Desemba 2008 walipeleka meli zao za mwanzo Ghuba ya Aden kulinda meli za biashara, na tangu hapo kundi likiondoka jengine linaingia, kwa kawaida manowari mbili na meli moja ya mafuta na chakula. Meli haziwezi kukaa mbali na kwao namna hiyo bila mahali pa kutengeneza mashine na kupumzisha watu. Huku kwetu wanakuja kwa mazoezi, kama yale ya katikati ya 2024 pamoja na sisi na Msumbiji, au kwa ziara, kisha wanakwenda zao.

Swali lako la pili ndilo lililonishika. Sisi tumezoea kwamba doria ya pwani ni ya KMKM, kikosi cha Zanzibar cha kuzuia magendo, vita ni vya JWTZ, na mvuvi ni mvuvi. Kule hali ni nyengine. Walinzi wa pwani wa China waliwekwa mwaka 2018 chini ya Polisi wenye Silaha, na polisi hao wako chini ya Kamisheni Kuu ya Kijeshi. Mbali na hao wapo wanamgambo wa baharini, na wengi wao ni wavuvi. Bandari ya Tanmen, kisiwa cha Hainan, inajulikana kwa hilo. Nahodha wa Tanmen anaweza kuwa anavua kweli mwezi huu, na mwezi ujao akaitwa akatie nanga kwenye mwamba unaogombaniwa, akae hapo, wingi wa vyombo uwe ndio dai lenyewe.

Mwaka 2012 walizozana na Ufilipino kwenye mwamba wa Scarborough, mahali ambapo wavuvi wa pande zote walikuwa wakivua tangu enzi za mababu. Wachina wakabaki pale na Wafilipino wakazuiwa. Julai 2016 mahakama ya usuluhishi iliyokaa The Hague ikasema China imevunja haki za wavuvi wa Ufilipino waliozoea kuvua pale. China haikuikubali hukumu. Miaka ya karibuni meli zao za ulinzi wa pwani zimekuwa zikiwapiga Wafilipino mizinga ya maji yenye nguvu za kuvunja vioo.

Hili linaniuma, na sitalipamba. Mvuvi akishatumiwa kama askari, kila mvuvi anakuwa mtuhumiwa. Yule masikini aliyetoka na nyavu zake na barafu ya kukopa atamwagiwa maji na mtu asiyejua kumtofautisha. Mfikirie mtu wa Kojani aliyeko dago, na watoto wanangoja nyumbani. Ndiyo maana kila ninapopata nafasi nasema: KMKM iwe na sare yake na boti zake zenye rangi yake, na mvuvi abaki na dau lake.

SWALI: Babu, ni kweli jeshi la China liliwahi kutokuwa na vyeo? Walikufundisheni vipi? – Msomaji, Kikwajuni

JIBU: Kweli. Walivifuta 1965 wakavirudisha 1988. Katika miaka hiyo afisa alitambulika kwa mifuko: koti lake lilikuwa na minne, la askari miwili tu ya kifuani. Nyota begani hakuna.

Tulikuwa na boti za doria walizotuletea, aina ya Shanghai, na mkufunzi wetu wa mashine alikuwa mtu mfupi, mikono imejaa makovu ya kuungua. Alikuwa akichukua bisibisi ndefu, ncha yake anaiegemeza kwenye mwili wa injini, mpini anauweka sikioni, na macho anayafumba. Kisha anaonesha vidole: silinda ya tatu. Mkalimani, kijana wa Beijing aliyezungumza Kiswahili safi cha kitabuni, alikuwa juu kwenye sitaha kwa sababu joto lilimshinda, kwa hiyo mafunzo yote yalikuwa ya vidole na macho. Tulipofungua tukakuta vali imelika. Zamu ikiisha yeye ndiye aliyekuwa wa mwanzo kushika tambara na kufuta mafuta chini, na mpaka anaondoka sikumjua kama alikuwa ni mkubwa au mdogo kwao.

Niliupenda usawa ule, na bado naupenda ndani ya chumba cha mashine. Vitani ni habari nyengine. Februari 1979 China iliingia Vietnam, ikapigana mpaka katikati ya Machi na kupoteza watu wengi. Vikosi vilipochanganyikana, askari aliyepotewa na kamanda wake hakujua amtii nani, maana mabegani watu wote walikuwa sawa. Hilo ni mojawapo ya yaliyowafanya warudishe vyeo. Tangu hapo hawajapigana vita vikubwa. Walipambana kidogo na wanamaji wa Vietnam 1988, na Juni 2020 walipigana na Wahindi bonde la Galwan kwa marungu na mawe, wakafa Wahindi 20, na China ikakubali vifo 4 vya watu wake. Kwa hiyo msomaji anaposoma kwamba wana manowari nyingi kuliko taifa lolote, akumbuke pia kwamba takriban wote wanaoziendesha hawajawahi kupigwa risasi.

SWALI: Jina ni Jeshi la Ukombozi wa Umma. Mbona 1989 liliupiga umma? – Mwalimu wa kike, Mwera

JIBU: Mwalimu, ahsante kwa kuliuliza wazi. Usiku wa tarehe 3 kuamkia 4 Juni 1989 wanajeshi waliingia Beijing na vifaru kuwaondoa wanafunzi na wananchi waliokusanyika uwanja wa Tiananmen wakidai mageuzi, na wakapiga risasi watu mitaani. Idadi ya waliokufa haijatangazwa kwa ukweli na serikali yao mpaka leo, na ndani ya China jambo hilo halizungumzwi.

Lakini nataka wanafunzi wako wamjue mtu mmoja. Meja Jenerali Xu Qinxian alikuwa kamanda wa Jeshi la 38, moja ya majeshi yao bora, lililokuwa karibu na Beijing. Alipoletewa amri ya kuwaingiza askari wake mjini na silaha, alikataa kuwaongoza. Alivuliwa madaraka, akafikishwa mahakama ya kijeshi, akafungwa na kufukuzwa chamani. Alifariki Januari 2021. Jeshi lake lilikwenda bila yeye.

Katiba yao, kifungu cha 29, inasema majeshi ni ya umma. Mwaka ule pakahitajika kuchagua kati ya maneno hayo na amri ya chama, na jenerali mmoja alichagua maneno ya katiba. Na haki nyengine pia isemwe: ni jeshi hilo hilo lililopeleka zaidi ya watu laki moja Sichuan baada ya tetemeko la Mei 2008, wakafukua vifusi vya skuli kwa mikono. Askari aliyefukua na aliyepiga risasi wametoka vijiji vya aina moja. Mimi simlaumu kijana wa miaka kumi na tisa kabla sijamuuliza aliyempa amri.

SWALI: Mimi niko JKU (Jeshi la Kujenga Uchumi, Zanzibar). Kijana wa kwao anaingiaje jeshini, na mimi naweza kupata nafasi ya kusoma chuo chao cha kijeshi? – Kijana, Jang'ombe

JIBU: Kwao sheria inamtaka kila mwanamume ajiandikishe akifika miaka 18, lakini wanaojitokeza wenyewe wanatosha, kwa hiyo kulazimishwa ni nadra. Muhula wa mwanzo ni miaka miwili, wanachukua mara mbili kwa mwaka, na siku hizi wanawatafuta khasa wenye elimu ya chuo, kwa sababu rada na makombora hayataki nguvu za mabega.

Wewe huwezi kuomba moja kwa moja, mwanangu, na anayekuambia anaweza kukupitishia kwa fedha mkimbie. Ulinzi ni jambo la Muungano, nafasi hizo zinapita JWTZ na wanapewa maafisa na askari walioko kazini. Maliza JKU, omba JWTZ nafasi zikitangazwa, na uende na cheti cha ufundi mkononi: umeme, mitambo au kompyuta. Kichina kinafundishwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Ukipata nafasi ya kukisoma hata mwaka mmoja, kisome, usije ukafundishwa kwa vidole.